Elimu ya uzee: kwa nini vyuo vikuu vya Bujumbura vinahitaji wanafunzi wake, na jinsi ya kuwapata

Mwezi Mei mwaka 2006 serikali ya Burundi ilitangaza kuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano watatibiwa bila malipo, na kwamba akina mama watajifungua bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Watoto waliozaliwa mwaka ule ndio vijana ambao leo wamefikia umri wa kuingia kampasi ya Mutanga au ile ya Kamenge mjini Bujumbura. Wale watakaojaliwa umri mrefu watatimiza miaka 60 mwaka 2066. Nchi iliwaandalia namna ya kuzaliwa salama. Kazi ya kuwaandalia namna ya kuzeeka salama inawangoja watu walioisomea, na vijana wanaochagua kuisomea bado ni wachache.

Makala haya yanaeleza elimu ya uzee ni nini, hali ya Burundi inaihitaji kwa kiasi gani, kwa nini wanafunzi wengi huipita kando wanapochagua masomo, na ni njia zipi zimefaulu kuwavuta katika nchi nyingine.

Elimu ya uzee ni nini

Elimu ya uzee, ambayo wataalamu huiita jerontolojia, huchunguza jinsi binadamu anavyozeeka katika mwili, katika akili na katika jamii. Jina hilo lilitumiwa kwanza mwaka 1903 na Élie Metchnikoff, mwanasayansi mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris na ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Miaka sita baada ya jina hilo kuzaliwa, yaani mwaka 1909, daktari Ignatz Nascher wa New York aliipa jina tiba ya wazee kama tawi linalojitegemea, sawa na tiba ya watoto. Inasimuliwa kuwa Nascher, alipokuwa bado mwanafunzi, alimwona bibi kizee mgonjwa akipitwa na mwalimu wake kwa maelezo kuwa ugonjwa wake ni uzee tu na hauna dawa. Jibu hilo halikumridhisha, na kazi aliyoifanya baadaye ilikuwa bishano refu dhidi yake.

Yapo mambo mawili ambayo msomaji hana budi kuyatenganisha. Tiba ya wazee ni kazi ya madaktari na wauguzi: shinikizo la damu, kisukari, kiharusi, mtoto wa jicho, maumivu ya viungo, kuanguka, na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Elimu ya uzee ni pana zaidi. Ndani yake wamo wanasaikolojia, wanasheria wanaoshughulikia mirathi na haki za wajane, wachumi wanaopiga hesabu za pensheni, wataalamu wa takwimu, wahandisi wa majengo na mipango miji, pamoja na maofisa wa ustawi wa jamii. Kwa hiyo mwanafunzi asiyetaka kushika sindano hata siku moja bado anaweza kuwa mtaalamu wa uzee.

Hesabu ya miaka nchini Burundi

Watu wengi husema kuwa Burundi ni nchi ya vijana, kwa hiyo habari ya wazee inaweza kungoja. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli: zaidi ya watu tisa kati ya kumi hawajafikisha miaka 60. Sehemu ya pili ndiyo yenye kasoro, na kasoro yake huonekana katika hesabu nyepesi. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu wakazi 8,053,574. Leo wakazi ni zaidi ya milioni 12. Hata kama sehemu ya wazee katika jamii ingebaki ileile, idadi yao ingekuwa imeongezeka kwa karibu nusu katika muda usiotimia miaka 20, huku idadi ya wataalamu wao ikiwa haijaongezeka kwa kiasi hicho.

Kuna kosa jingine linalotokana na neno "wastani". Wakati nchi ilipopata uhuru mwaka 1962, wastani wa umri wa kuishi ulikuwa miaka 40 na ushei. Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1993 ulishuka, na sasa umepita miaka 60. Wengi husikia takwimu hiyo wakadhani kwamba Mrundi hufariki mara tu anapotimiza miaka 60. Sivyo. Wastani huo huvutwa chini na vifo vya watoto wachanga na vya vijana. Mtu aliyekwisha kufika miaka 60 ana matumaini ya kuishi zaidi ya miaka kumi mingine, na wengi huishi zaidi ya hapo. Miaka hiyo inaweza kuwa ya kulima, kulea wajukuu na kuamua mashauri, au inaweza kuwa ya kulala kitandani bila msaada. Tofauti kati ya hali hizo mbili hutokana kwa sehemu kubwa na huduma, na huduma hutolewa na watu waliofunzwa.

Uzee wa Burundi pia una historia yake. Mtu aliyetimiza miaka 75 mwaka 2025 alikuwa na miaka 22 wakati wa mauaji ya mwaka 1972, na miaka 43 vita vilipoanza mwaka 1993. Wapo waliozika watoto ambao kwa desturi ndio wangewatunza uzeeni. Wapo waliokaa miongo mingi ukimbizini Tanzania kisha wakarudi Rumonge na kwingineko, na kuwakuta watu wengine wakiishi katika mashamba yao. Wapo mabibi waliolea wajukuu baada ya ukimwi na vita kuwachukua wazazi. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, imekuwa ikikusanya ushahidi wa watu wa kizazi hicho. Kumsikiliza mzee anayekumbuka mambo ya namna hiyo, kutambua lini kumbukumbu yake inachoka na lini huzuni imegeuka ugonjwa, ni ujuzi. Ujuzi huo hufundishwa, na mashahidi hao hawana miaka mingi ya kumngoja mwanafunzi.

Vyuo vilivyopo na mahali pa kuanzia

Chuo Kikuu cha Burundi kilianzishwa mwaka 1964 mjini Bujumbura. Kina kitivo cha tiba huko Kamenge, ambako hospitali yake ya kufundishia hujulikana na wengi kwa jina la Mfalme Khaled. Kina pia vitivo vya saikolojia na sayansi ya elimu, sheria, uchumi, na fasihi na sayansi za binadamu. Taasisi ya Taifa ya Afya ya Umma hufundisha wauguzi. Chuo Kikuu cha Hope Africa, kilichohamia Bujumbura kutoka Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kinafundisha tiba na uuguzi.

Hakuna kitivo cha Chuo Kikuu cha Burundi chenye jina la uzee. Lakini kila tawi lililotajwa hapo juu kama sehemu ya elimu ya uzee lina kitivo chake, au jirani yake wa karibu, hapahapa Bujumbura. Zaidi ya hayo, Burundi iliingia mwaka 2011 katika mfumo wa shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu ambao huhesabu masomo kwa vipimo. Mfumo huo unamwezesha mwanafunzi wa saikolojia kuchukua somo la sheria ya mirathi, au mwanafunzi wa uuguzi kuchukua somo la uchumi wa pensheni, na vipimo vyote vikaingia katika shahada moja. Kwa hiyo upungufu uliopo haukuanzia kwenye majengo, bali kwenye mpango wa masomo na kwenye wanafunzi wa kuujaza.

Kwa nini vijana hupita kando

Sababu ya kwanza ni kutojua. Mwanafunzi anayemaliza sekondari amewahi kumwona daktari, mwalimu, hakimu na mhandisi. Hajawahi kumwona mtu anayejitambulisha kuwa mtaalamu wa uzee. Kazi isiyo na sura haiingii katika ndoto za kijana, wala haiingii katika ushauri wa baba na mama yake wakati wa kujaza fomu.

Sababu ya pili ni fikra kuhusu wazee wenyewe. Mwaka 1969 daktari Robert Butler wa Marekani aliupa jina ubaguzi wa umri, akiuweka kando ya ubaguzi wa rangi na wa jinsia. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema kuwa mtu mmoja kati ya wawili duniani ana mtazamo wa kuwabagua wazee. Burundi huonekana kuwa mbali na tabia hiyo, kwa kuwa heshima ya mzee imo katika mila: baraza la bashingantahe liliwapa watu wazima wenye busara kazi ya kuamua magomvi, na Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno. Hata hivyo heshima na elimu ni vitu viwili. Mtu anaweza kumpisha mzee kiti, kisha akaamini kuwa kutosikia, kuanguka na kusahau ni mapenzi ya umri yasiyo na tiba. Anayeamini hivyo hatachagua kusomea jambo asiloliona kuwa na dawa. Nyuma ya imani hiyo imo pia hofu ya kutazama kifo na udhaifu unaomngoja kila mtu.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kazi. Mwaka 2017 msaada wa masomo uliokuwa ukitolewa kwa wanafunzi wa chuo cha umma uligeuzwa kuwa mkopo wa kurejeshwa baada ya kuajiriwa. Badiliko hilo lilizusha mgomo wa wanafunzi. Tangu hapo kila anayechagua shahada huchagua pia namna ya kulipa deni. Kijana akiuliza ofisi gani itamwajiri kama mtaalamu wa uzee, asipopata jibu, ataandika uchumi, sheria au tiba. Uamuzi huo hauonyeshi ubinafsi wala kuwasahau wazee. Ni hesabu ambayo mzazi yeyote mwenye akili angemshauri mwanawe aifanye.

Hapo ndipo historia ya mwaka 2006 ina funzo. Mara nchi ilipoamua kulipia matibabu ya watoto na uzazi, vituo vya afya vilihitaji watu zaidi wa kutoa huduma hizo, na wafadhili walikuja na mafunzo. Mpango wa Merankabandi, uliosaidiwa na Benki ya Dunia kugawa fedha kwa kaya maskini, nao ulilenga kwanza kaya zenye watoto. Kila sera ya aina hiyo hubeba ajira ndani yake. Wazee hawakupata sera ya ukubwa huo, na kwa hiyo elimu yao haikupata soko.

Yaliyojaribiwa kwingine

Tatizo la kukosa wanafunzi si la Burundi peke yake. Marekani ina shule ya elimu ya uzee katika Chuo Kikuu cha Southern California tangu mwaka 1975, na mwaka 1989 shule hiyo ilianzisha masomo ya uzamivu katika fani hiyo. Hata huko, miongo kadhaa baadaye, shahada za uzee huvutia vijana wachache kuliko zile zinazohusu watoto, na walimu wake wamelazimika kutafuta njia za kuwaita.

Njia moja iliyotoa matunda ilifadhiliwa na Wakfu wa John A. Hartford kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Wanafunzi wa ustawi wa jamii walipewa posho, kisha wakazungushwa katika sehemu mbalimbali wakati wa mafunzo kwa vitendo: hospitali, vituo vya mchana ambako wazee wenye afya hukutana, ofisi za sheria, na nyumba za watu. Nguvu ya mpango huo ilikuwa katika mzunguko. Mwanafunzi anayewajua wazee kwa kuwaona wodini tu hudhani wote wako karibu na kaburi. Anayewaona pia sokoni, kwenye vikao na majumbani hupata picha iliyo kamili, na wengi hubadili nia.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilitaja njia tatu za kupunguza ubaguzi wa umri: sera na sheria, elimu, na kuwakutanisha watu wa vizazi tofauti. Njia hizo tatu zinalingana na sababu tatu zilizoelezwa hapo juu. Sheria huleta kazi, elimu huondoa kutojua, na kukutana huondoa hofu.

Uingereza inatoa mfano wa namna mtu mmoja anavyoweza kuipa kazi hii sura. Mwaka 1935 daktari Marjory Warren alikabidhiwa katika hospitali ya West Middlesex mamia ya wagonjwa wa muda mrefu, wengi wao wazee waliolazwa miaka mingi bila kuchunguzwa. Aliwapima mmoja mmoja, akawapanga kwa mahitaji yao, akawainua vitandani na kuwafanyisha mazoezi. Wengi walirudi makwao. Wanafunzi wa tiba walianza kuona kuwa mgonjwa mzee anaweza kupona, na tawi hilo likapata heshima ambayo maneno matupu yasingeipatia.

Afrika nayo haikukaa kimya. Senegal, nchi inayotumia Kifaransa vyuoni kama Burundi, ilianzisha mwaka 2006 Mpango wa Sésame wa kuwatibu bila malipo watu waliotimiza miaka 60. Ghana ina kituo cha taaluma za uzee katika Chuo Kikuu cha Ghana. Mjini Ibadan, Nigeria, hospitali ya chuo kikuu ilifungua mwaka 2012 kituo maalumu cha tiba ya wazee. Chuo Kikuu cha Cape Town kina taasisi ya uzee barani Afrika yenye jina la Albertina na Walter Sisulu.

Majirani wa Afrika Mashariki

Karibu zaidi na Bujumbura, Tanzania ilipitisha sera ya taifa ya wazee mwaka 2003. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, iwe aliwahi kuajiriwa au la, na baadaye kiwango hicho kikapandishwa hadi shilingi 50,000. Uganda ilianza kati ya mwaka 2010 na 2011 kutoa shilingi 25,000 kwa mwezi kwa wazee katika wilaya za majaribio. Kenya ilifungua mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii kwa waliotimiza miaka 70, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi.

Kwa mwanafunzi, mipango hiyo inamaanisha kazi. Lazima awepo anayethibitisha umri wa mtu asiye na cheti cha kuzaliwa, anayeandikisha majina, anayesikiliza malalamiko, anayepima kama fedha zimemfikia mlengwa, na anayepiga hesabu ya gharama za miaka 20 ijayo. Mjini Nairobi, Kituo cha Afrika cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya kilikuwa na programu ya uzee na maendeleo iliyoongozwa na mtaalamu Isabella Aboderin.

Lugha, na nafasi ya wanafunzi Waswahili

Utafiti mmoja wa Tanzania unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu unaonyesha elimu hii inavyofanya kazi. Kati ya mwaka 2009 na 2010, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi ili kujua ni wangapi wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Jibu lilikuwa takriban 6 kati ya kila 100, kiwango kisicho mbali na cha nchi tajiri. Dhana kwamba ugonjwa huo ni wa Ulaya ikaanguka.

Ugumu ulikuwa katika upimaji. Vipimo vya Ulaya humtaka mtu aandike sentensi, achore umbo au ataje tarehe, na mzee ambaye hakusoma shule huonekana mgonjwa hata akiwa mzima. Kutokana na kazi ya Hai, na nyingine iliyofanyika Nigeria, kiliundwa kipimo kifupi kinachomfaa mtu asiyesoma. Badala ya kalamu na karatasi, mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Huulizwa daraja ni nini, hutaja wanyama anaowajua, na hukumbuka maneno aliyosomewa. Kipimo hicho hakina thamani kikiulizwa kwa lugha ambayo mzee haimudu.

Jambo hilo linaugusa moja kwa moja mji wa Bujumbura. Katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza, na vilevile mjini Rumonge, wako wazee ambao Kiswahili ndicho walichokulia, ndicho wanachotumia kueleza maumivu na ndicho wanachotumia kuusia wana. Wengine wengi wanajieleza vizuri zaidi kwa Kirundi. Masomo ya chuo na faili za hospitali kwa sehemu kubwa ni za Kifaransa. Kijana wa Buyenzi anayejua Kiswahili, Kirundi na Kifaransa ana zana ambayo haiwezi kununuliwa: anaweza kukaa mkekani na mzee, akamsikiliza, kisha akaandika ripoti ambayo daktari au hakimu ataielewa. Katika masomo mengine Kiswahili cha nyumbani huwa pambo tu. Katika elimu ya uzee ni chombo cha kazi, na vyuo vingefaa kukihesabu hivyo vinapochagua wanafunzi.

Faida hiyo inavuka mipaka. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu tarehe 1 Julai 2007, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala linafanya kazi ya kulinganisha shahada za nchi wanachama. Mtaalamu wa uzee anayejua Kiswahili anaweza kutumika Kigoma, Bukavu, Mombasa au Unguja.

Hatua zinazowezekana Bujumbura

Kutokana na uzoefu huo, mpango wa kuvutia wanafunzi unaweza kuanza kwa gharama ndogo na kukua polepole.

Kwanza, somo moja la uzee liwe la lazima katika vitivo vilivyopo: tiba, uuguzi, saikolojia, sheria na uchumi. Mwanafunzi hawezi kupenda fani ambayo hajawahi kukutana nayo, na somo moja katika mwaka wa pili humkuta kabla hajafunga uamuzi wake.

Pili, mafunzo kwa vitendo yaanzie majumbani. Kila mwanafunzi anaweza kukabidhiwa familia moja yenye mzee huko Buyenzi, Kinama au Kamenge, na kuitembelea mwaka mzima kwa ridhaa ya familia hiyo. Mzee naye aalikwe darasani kama mwalimu wa maisha yake mwenyewe. Ziara hizo hazihitaji jengo jipya.

Tatu, wanafunzi wa mwanzo watafutwe miongoni mwa walio kazini tayari: wauguzi, maofisa wa Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, na watumishi wa tarafa. Hao wana ajira, wanawajua wazee, na shahada ya uzamili ingewapandisha vyeo. Wakishaonekana katika nafasi hizo, vijana wa sekondari watapata sura ya kuiga.

Nne, posho au msamaha wa sehemu ya mkopo uambatanishwe na ahadi ya kufanya kazi nchini kwa miaka kadhaa. Tahadhari hii ni ya lazima, kwa sababu nchi zinazozeeka kwa kasi zinatafuta watumishi Afrika. Kenya ilitia saini mwaka 2021 makubaliano ya kupeleka wauguzi Uingereza. Burundi inaweza kujikuta ikigharamia mafunzo ya watu watakaowalea wazee wa nchi nyingine.

Tano, na bila hii nne za kwanza hazitadumu, serikali iingize cheo cha mtaalamu wa uzee katika orodha ya kazi za umma, hata kama ni nafasi chache tu katika hospitali kubwa na katika ofisi za ustawi wa jamii. Msukumo wa kisheria upo. Umoja wa Afrika ulipitisha tarehe 31 Januari 2016 Itifaki ya Haki za Wazee barani Afrika, nayo ilianza kutumika mwezi Novemba 2024 baada ya kuridhiwa na nchi 15. Umoja wa Mataifa umeutenga muongo wa 2021 hadi 2030 kuwa wa kuzeeka kwa afya.

Kufungua shahada nzima kabla ya kuwepo hata nafasi moja ya kazi kungekuwa kuwadanganya vijana wenye deni, na kundi la kwanza la wahitimu wasio na ajira lingeifunga fani hiyo kwa kizazi kizima. Kungoja hadi wazee wawe wengi nako kuna gharama yake, kwa kuwa mtaalamu hachukui chini ya miaka mitano kumwandaa, na mwalimu wa kumfundisha huchukua mara mbili ya hapo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ifikapo mwaka 2050 watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi watakuwa bilioni 2.1 duniani, wanane kati ya kumi wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mtoto wa mwaka 2006 atakuwa na miaka 44 wakati huo, akiwatunza wazazi wake na kuukaribia uzee wake mwenyewe. Iwapo atampata mtu wa kumshauri, kwa lugha anayoielewa, kutategemea sana masomo ambayo yeye na wenzake watayachagua katika vyuo vya Bujumbura miaka hii.